Harufu ya Kinywa cha Nassor

Nilitembea siku ishirini na mbili kutoka Kindu, mashariki ya Kongo, hadi ziwani. Kwenye ramani safari hiyo ni urefu wa kidole: Kasongo, Kabambare, Fizi, kisha unateremka Baraka na maji ya Tanganyika yanakuwa mbele yako. Kwa miguu, vita vikiwa nyuma yetu sisi wakimbizi na wenye bunduki wakiwa kila njia panda, ilikuwa kitu kingine. Tulichimba mihogo katika mashamba yaliyoachwa na wenyewe, na tulipopita Kabambare hata mihogo ikaisha. Siku mbili za kwanza bila chakula nilijikunja kwa maumivu ya tumbo. Siku ya tatu njaa ikaondoka yenyewe. Kichwa kikawa chepesi, miguu ikaenda bila kuombwa, na mdomoni nikawa na ladha nisiyoijua, tamu iliyoanza kuchacha, kama tunda lililosahauliwa juani. Kwenye kizuizi kimoja karibu na Fizi askari alinisogelea kunipekua, akanusa, akanipiga kofi. "Watu wanakufa, we unakunywa kasiksi?" Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwetu. Nilimwapia kwamba sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu juzi. Akanipiga kofi la pili, akasema hilo ni la uongo. Siku nne baadaye nilipanda boti Baraka, nikakaa kati ya magunia ya dagaa na mapipa ya mawese, na asubuhi moja ya mvua nikashuka katika bandari ya Bujumbura. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa.

Ninaandika haya nikiwa Tunduma, mji wa nane au wa tisa tangu siku ile. Sijawahi kukaa mahali hadi nikapanda mti nikala matunda yake. Mwezi uliopita simu yangu ililia, sauti ya mwanamke ikauliza kama mimi ndiye Dezire aliyekaa kwao mwaka wa vikwazo. Alikuwa Rahma, dada yake Nassor. Nilipoondoka alikuwa msichana wa kusuka nywele, sasa ana wajukuu. Alisema mama yao amefariki, wamekwisha kumzika, na ameona nami nijulishwe kwa sababu marehemu alikuwa akinitaja. Nikamuuliza alikuwa akinitaja kwa lipi. Rahma akasema, "Kwa vizuri tu." Nilimshukuru, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka adhana ya msikiti wa jirani. Kuna jambo mama yule alistahili kulisikia kutoka kwangu, na nilikuwa na mwaka mzima, kisha miaka zaidi ya ishirini na mitano, ya kumwambia. Sasa hayupo wa kuambiwa.

Nassor ndiye mtu wa kwanza aliyesema nami Bujumbura. Alikuwa amesimama bandarini na kalamu sikioni, akisubiri marobota ya vitenge ya duka la mama yake, kijana mrefu wa nyumba ya Waarabu wa asili ya Oman waliokaa Burundi hata wakasahau njia ya kurudi. Akanitazama kutoka miguu hadi kichwa. "We, mutu wa miguu, unaweza kubeba?" Nikasema naweza. "Uongo. Hata shati yako imekushinda kubeba." Akaninunulia chai na mandazi manne, akasimama mbele yangu hadi nikamaliza. "Kula kwanza. Mi sitaki kuzika mutu nisiyemujua jina." Jioni ile nililala kwao, mtaa wa Asiatique, katika chumba cha nyuma ya stoo. Kilikuwa na mkeka, dirisha moja la wavu, na harufu ya sabuni ya mche na vitambaa vipya. Dirisha lilitazama ua wa jikoni, na kwa mwaka mzima niliishi nikisikiliza ua ule kama wengine wanavyosikiliza redio. Bi Zainabu, mama yake Nassor, alikaanga samaki wa mukeke kwa mawese na pilipili, akapika mboga za lengalenga, na Ijumaa pilau, hata vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilipofanya mchele kuwa kitu cha kunong'onezana. Sukari aliiweka katika kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Alasiri alizungumza na jirani yake Mama Shabani juu ya ukuta, kila mmoja upande wake, wakichambua mboga bila kuonana. "Leo risasi zilikuwa za Cibitoke ao za Mutakura?" "Za Mutakura. Lakini nyanya zimeshuka bei." Hivyo ndivyo habari za vita vya Burundi, vilivyokuwa mitaani mwa mji, zilivyonifikia, katikati ya nyanya.

Nassor alikuwa mtani wangu na mwalimu wangu. Alinifundisha mji, kipi kisemwe mbele ya nani, na saa gani mtu awe ndani kabla ya marufuku ya kutembea usiku. Alinifundisha pia mambo ya dini yake, si kunivuta, ila nisiaibike mezani. Mimi ni Mkristo na walijua, na hakuna siku chakula changu kilitengwa. Miezi minane ya kwanza ya mwaka ule ningeweza kuiandika kwa kicheko. Halafu, wiki chache kabla ya Ramadhani, suruali za Nassor zikaanza kumvuka. Alifunga mkanda kwa tundu jipya, kisha jingine. Alikunywa maji kama mtu aliyekula chumvi, akaenda chooni kila mara, nami nikamuuliza kama ana mimba ya miezi mingapi. Bi Zainabu akamwambia Mama Shabani juu ya ukuta, "Huyu amependa. Baba yake alikonda hivi hivi aliponiona." Mama Shabani akajibu, "Basi muoze haraka, kabla upepo haujamubeba hadi Uvira." Wakacheka wote wawili, nami dirishani nikacheka nao. Leo nikiona kijana anakonda huku anakunywa maji mengi, hata awe nisiyemjua kwenye foleni ya basi, namuuliza. Watu wananiona sina adabu.

Ramadhani ikaingia. Mchana nilikula mkate wangu stoo, mlango nimeurudisha, nisiwakere wenye kufunga. Siku ya nane au ya tisa Nassor aliingia, hakuniona nyuma ya marobota, akainamia ndoo ya maji ya kupigia deki, akanywa kwa kikombe cha plastiki, kimoja, cha pili, cha tatu, maji yakimtiririka shingoni. Aliponiona hakushtuka. Alikaa chini palepale.

"Dezire, usimwambie Mama."

"Mi sijaona kitu."

"Najaribu, walahi najaribu. Kiu inanizidi nguvu. Ni shetani gani huyu?"

"Si ulinifundisha mashetani wanafungwa minyororo mwezi huu?"

Alicheka kidogo. "Wangu walimusahau inje."

Nilimwahidi kunyamaza, na nikajiona rafiki mkubwa. Mgonjwa katika dini yao si kwamba anaruhusiwa tu kula, anaambiwa ale. Lakini Nassor hakujiona mgonjwa, alijiona dhaifu, na aibu ya kijana wa nyumba ile, jina lake likijulikana msikitini, ilikuwa kubwa kuliko kiu.

Siku nne baada ya hapo alinisogelea kunionyesha karatasi ya mzigo, nikainusa pumzi yake. Tamu, imechacha, ndizi mbivu zilizokaa mtungini. Nilikua katika harufu ile. Mjomba wangu alipika kasiksi, na Bujumbura waliita urwarwa, lakini pua haiulizi jina. Nikasema moyoni, ndiyo hii basi, ameanza na maji, sasa amefika kwenye pombe. Vijana wa Kiislamu waliotaka kunywa walikwenda mitaa ya mbali, ambako hakuna aliyejua mama zao, na Nassor alikuwa na shughuli nyingi za kutoka. Sikumuuliza. Kwetu mtu mzima akijificha, heshima ni kutomwona. Badala yake nilikwenda jikoni nikachukua karafuu kiganja kizima katika chombo cha viungo vya pilau, nikamtilia mfukoni. "Tafuna hizi kabla ya kukaa karibu na Mama." Alikuwa amenilalamikia kichefuchefu, nadhani alifikiri ni dawa. Alizitafuna kwa utii, siku tano. Katika siku hizo mara moja tu karafuu zilishindwa. Wakati wa kufuturu Bi Zainabu alimshika shavu amtie tende mdomoni, akasita, kisha akatabasamu akatuambia sote mezani kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri kwa Mungu kuliko manukato. Nassor akaangalia sahani yake. Nami nikaangalia yangu, nikifikiri, maskini mama huyu, hajui.

Askari wa Fizi alikuwa amenipiga makofi mawili kwa harufu hiyohiyo, miezi kumi tu nyuma, na mimi nilijua sikuwa nimekunywa. Shavu langu lilijua. Hili ndilo ninalolirudia katika kila mji, kila chumba cha kupanga. Hakuna mtu katika Bujumbura yote aliyekuwa na sababu kubwa kuliko mimi ya kushuku kwamba mwili wa binadamu unaweza kunuka pombe bila pombe. Na sikukumbuka.

Siku ya tano, muda mfupi baada ya adhuhuri, Nassor aliingia stoo akishika ukuta. Alitapika pembeni, akajilaza juu ya marobota, akaanza kusema maneno yasiyofuatana, ya boti na ya shule. Alihema kwa nguvu, pumzi ndefu za kina, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyepandisha gunia ngazini, ilhali alikuwa amelala. Nikafikiri, leo amelewa kweli, na leo mama yake atamwona. Nilisafisha matapishi. Nikamfunika kitenge. Kisha nikatoka, nikafunga kufuli, nikatia ufunguo mfukoni. Bi Zainabu aliniuliza uani, "Nassor iko wapi?"

"Amekwenda bandarini, Mama. Boti ya Kalemie imechelewa."

"Na jua hili, na amefunga! Mungu amulipe mutoto yangu."

Nilimfungia mle tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi. Muda wa saa tano. Mara mbili nilipita mlangoni nikasikia kuhema kule, nikajiambia analala vizuri. Nilipofungua, jua likishuka, kuhema kulikuwa kumepungua nguvu na hakuamka nilipomwita, wala nilipomtikisa, wala nilipommwagia maji. Ndipo nikapiga kelele. Mume wa Mama Shabani na mimi tulimbeba hadi kwa Melkiori, muuguzi mzee aliyekimbia mapigano ya mtaa wa Mutakura na kufungua chumba cha matibabu barabara ya pili. Bi Zainabu alikuja nyuma yetu bila viatu, tende ya kufuturu bado mkononi. Melkiori aliinama juu ya uso wa Nassor, akanusa mara moja tu.

"Huyu ana sukari," alisema. "Hii harufu ilianza lini?"

"Harufu gani?" Bi Zainabu akauliza. "Ni ya kufunga."

Melkiori akanitazama mimi.

"Leo," nikasema.

Alituandikia karatasi, akatafuta gari mwenyewe, akatufikisha hospitali kabla barabara hazijafungwa. Huko walimtundikia maji, dawa ilipatikana, watu walikimbia huku na huku, sina neno baya la kumsema yeyote. Nassor aliishi hadi kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakufumbua macho. Alizikwa alasiri ileile, nami nilisimama nyuma ya wanaume walioswali, mikono nimeifumbata kama tulivyofanya kanisani, kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa Melkiori. Alikuwa mpweke, alipenda msikilizaji. Alinichemshia chai isiyo na sukari, akaniuliza kama shuleni tulifika sura ya ini. Nikasema tulifika, lakini vita vilifika pia. "Bon," akasema, "sikiliza. Mwili unawasha moto kwa sukari. Lakini sukari haiingii nyumbani bila kibali. Kibali hicho kinatoka kwenye kongosho, nyuma ya tumbo, kinaitwa insulini. Umefanya kazi bandarini, unajua mzigo unaweza kujaa gatini na mji ukalala njaa, sababu karatasi moja imekosekana. Damu ya rafiki yako ilikuwa imejaa sukari. Alikuwa na njaa katikati ya sukari." Nikamuuliza kiu. Akasema mwili ulikuwa ukiikojoa sukari ile, na sukari ikitoka inatoka na maji. Nikamuuliza kukonda. Akasema mwili ukikosa sukari hauketi kulia, unageukia mafuta yake wenyewe. Ini linayachukua mafuta, linayapika, linatoa kitu kinachoitwa ketoni, na ketoni ni kuni nzuri. Moyo unazichoma, misuli inazichoma. Hata ubongo, ambao hauwezi kuchoma mafuta yenyewe, unazipokea ketoni ukizizoea. Sehemu yake ndogo haichomwi, inapotea hewani kupitia mdomoni, na hiyo ndiyo harufu. "Ni jamaa ya ile dawa wanawake wanafutia rangi ya kucha. Mutu hajanywa kitu. Anajiunguza mwenyewe."

Nilimsimulia safari yangu, siku ya tatu, njaa ilivyoondoka, ladha, kofi la Fizi. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Ndiyo hiyo! Ketoni ndizo zilikufikisha ziwani. Bila hizo ungekula misuli yako yote, ungebaki Kabambare." Basi kwa nini mimi niliishi na yeye akafa? Melkiori aliitazama chai yake. Alisema kwa mwenye njaa insulini inapungua lakini haiishi, na ile kidogo inayobaki inaliambia ini, taratibu, zinatosha. Kwa Nassor hakukuwa na wa kusema zinatosha. Ini lilitoa ketoni usiku na mchana bila breki, na ketoni ni tindikali. Damu ikachacha. Kule kuhema kulikuwa mapafu yakijaribu kuitoa tindikali ile nje. "Akianza kuhema vile," alisema, "ni saa unazozihesabu." Kisha akaniuliza, kwa upole, kama harufu ilianza siku ile kweli. Nikasema chai yake ni nzuri, nikaondoka.

Tangu wakati huo nimesoma kila nilichopata juu ya jambo hilo, vitabu vya wauguzi vilivyochanika, karatasi za ukutani zahanati. Melkiori alikuwa sahihi karibu kwa yote. Siku tano zile, kama ningesema neno, hata neno baya, hata kama ningemwambia mama yake, mwanao analewa, angemburuta kwa shehe na shehe angemburuta kwa daktari. Usaliti ungemwokoa. Mimi nilimlinda.

Kisha ikaja minong'ono. Nguo zake zilipotolewa hospitali mtu alikuta karafuu mfukoni. Karafuu mfukoni mwa kijana, mwezi wa Ramadhani, mtaa mzima ulijua maana yake. Kupitia dirisha langu nilimsikia Mama Shabani akimwambia mwanamke mwingine upande wake wa ukuta, "Wanasema sukari, sukari. Sukari gani inaua mutoto wa miaka makumi mbili na mbili? Alikuwa anakunywa yule, masikini. Alikuwa anaficha na karafuu." Bi Zainabu alikuwa jikoni, hatua sita kutoka pale. Sauti ya kisu chake juu ya ubao ilikoma, ikaanza tena polepole. Toka siku ile wanawake wale wawili hawakuzungumza tena juu ya ukuta. Bi Zainabu aliendelea kunipikia. Alinipa shati mbili za Nassor, nikazivaa.

Nilivumilia hadi mvua kubwa za mwezi wa nne, nikasema nakwenda Kalemie kutafuta jamaa zangu. Sikuwa na jamaa Kalemie. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni anakunja chapati katika gazeti. Rahma alikuwa shuleni, duka bado limefungwa, tulikuwa wawili tu.

"Dezire."

"Naam, Mama."

"Mi si mutoto. Karafuu za mufukoni zilikuwa za jikoni yangu. Nassor hakuwa anajua nafasi ya viungo, hata chumvi alikuwa ananiita nimuletee. We ndiye ulimupa." Hakuwa amekasirika. Alifunga uzi kwenye gazeti, akaukata kwa meno. "Sikuulizi kwa nini. Nauliza moja. Wanasema alikufa na pombe, ndani ya Ramadhani. Melkiori anasema ni ugonjwa, lakini Melkiori hakuwa anakaa naye. We ulikuwa unakaa naye. Mutoto yangu alikunywa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Hakunywa, Mama, hata tone. Lakini neno hilo lisingetoka peke yake, lingetoka na mengine yote nyuma yake, karafuu, siku tano, boti ya Kalemie, kufuli. Nililiona swali lake lilivyo dogo na gharama yake kwangu ilivyo kubwa, na nilikuwa na miaka ishirini na moja.

"Sijui, Mama," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei akaikubali. "Haya. Chukua chapati. Ziwani kuna baridi, usivue koti."

Nilitoka na furushi langu, nikavuka ua. Kwenye lango niligeuka. Alikuwa amenifuata hadi mlango wa jikoni, mkono mmoja kwenye fremu. Alikuwa bado anangoja jibu langu. Nikainua mkono nikamuaga, nikaenda bandarini.